Chama kikipigwa kwenye uchaguzi, ripoti ya kushindwa iandikwe na nani?

#1 Kalamu Kavu
Wakuu, salamu.

Chama kikianguka vibaya, kinachofuata kinajulikana. Kwanza watu wanalaumiana. Kisha Kamati Kuu inakaa hadi alfajiri. Kisha inatangazwa kamati ya tathmini, na ukisoma majina unamkuta meneja wa kampeni yumo, mweka hazina yumo, aliyeandika ilani yumo. Mtuhumiwa ndiye mpelelezi. Ripoti ikitoka, kama itatoka, inasema fedha zilikuwa chache, vyombo vya habari vilitubania, vijana hawakujitokeza. Huoni mahali imeandikwa "tulimsimamisha mtu ambaye wapiga kura hawamtaki, na tulijua".

Hoja yangu ni kwamba chama kisianze na sera mpya, nembo mpya wala nyimbo za umoja. Kianze kwa kuamua nani anaandika ripoti. Wawe watu ambao hawatagombea cheo chochote ndani ya chama hadi uchaguzi mwingine upite, na wanachama waisome yote, si muhtasari. Mnasemaje?

#2 Siti ya Nyuma
Mwanasiasa asiyetaka cheo. Haya, washeni tochi tumtafute. Nipo, nasoma.

#3 Mjumbe Mstaafu
Mleta mada umeuliza vizuri, ila ripoti ni karatasi tu. Mimi nimekuwa katibu wa tawi muda mrefu. Uchaguzi wa mwisho niliosimamia, kwenye orodha tulikuwa na wakala kila kituo. Siku yenyewe, kufika mchana wengine walishaondoka, hakuna aliyewapelekea chakula wala nauli waliyoahidiwa. Kura zikahesabiwa sisi hatupo. Usiku tunakusanya fomu za matokeo, hata nusu ya vituo hatuna.

Makao makuu wakatoa tamko: "ujumbe wetu haukuwafikia wananchi". Ujumbe upi? Mtu ameketi kituoni na njaa tangu saa kumi na mbili asubuhi, ujumbe ataujua wapi.

Anzeni na mashina. Nani yuko hai, nani amehama, nani ana hasira na kwa nini. Mengine baadaye.

#4 Ngangari
Mnazunguka mbuyu. Kiongozi aliyeshindwa aondoke usiku uleule, basi. Tazameni Labour ya Uingereza. 1983 walipigwa wakabaki na asilimia 27.6 ya kura, kiongozi wao Foot akapisha. Kinnock akashindwa akapisha. Smith aliyemrithi akafariki 1994, akaja Blair, 1997 wakazoa viti 418. Kila aliyeshindwa alikaa pembeni, ndiyo siri yao.

#5 Tumbiri
Mkuu Ngangari, mfano wako unakukana. Kinnock alishindwa 1987 akabaki, akashindwa tena 1992 ndipo akaondoka. Na kazi ngumu ilifanyika humohumo kwenye miaka aliyong'ang'ania: kuwatoa Militant, kile kikundi cha mrengo mkali wa kushoto, chamani, kupitia upya sera zote baada ya 1987. Blair alipofika, ugomvi mwingi ulikuwa umeshapiganwa na mtu ambaye hakuambulia hata siku moja ya uwaziri mkuu.

Nenda Ghana. Akufo-Addo alishindwa 2008, akashindwa 2012, chama chake NPP wakamsimamisha tena, 2016 akashinda. Mahama aliyempisha hapo akashindwa tena 2020, na 2024 akashinda. Hichilema wa Zambia aligombea 2006, 2008, 2011, 2015, 2016. Aliapishwa 2021. Wangemfukuza usiku uleule, wangeanza na nani?

#6 Ngangari
Hao ndio waliobahatika, ndiyo maana tunawajua. Wale waliogombea mara tano wakazikwa na chama chao hakuna anayewaorodhesha. Hoja iko palepale.

#7 Bi Takwimu
Hapo Ngangari ana pointi, lakini tuangalie ukubwa wa kipigo. Hichilema 2015 alipitwa kwa kura pungufu ya 28,000 nchi nzima. Akufo-Addo 2008 kwenye duru ya pili alipitwa kwa kura kama 40,000. Watu kama hao kuwabakiza ni hesabu ya kawaida, wanahitaji sukumo dogo. Aliyeachwa mbali ni kesi nyingine kabisa.

#8 Tumbiri
Mahama 2016 aliachwa mbali, Bi Takwimu. Asilimia kama 44 kwa 54. Akarudi.

#9 Bi Takwimu
Alirudi baada ya uchumi wa waliomshinda kuharibika, 2022 Ghana ikasimamisha kulipa sehemu kubwa ya madeni yake ya nje. Sasa sijui tumsifu Mahama au tuwalaumu wenzake.

#10 Mpambe wa Zamani
Niliwahi kuwemo kwenye kamati kama hiyo anayoisema mleta mada. Chama sikitaji. Tulizunguka majimboni, tukasikiliza watu wakilia kweli, si mfano. Mama mmoja alisimama akasema mbunge wetu alimwona mara mbili, wakati wa kuomba kura na kwenye picha ya kalenda. Tukaandika. Mgombea aliyekatwa kwenye kura za maoni wakati aliongoza, tukaandika, na jina la aliyemkata.

Rasimu ilipofika juu, kila jina likageuka kuwa "baadhi ya viongozi". Halafu "baadhi ya viongozi" wakageuka kuwa "changamoto za kiuongozi". Mwisho tukaambiwa turudishe nakala zote.

Hili si la kwetu tu. NDC ya Ghana, chama cha Mahama, baada ya 2016 iliunda kamati ya watu 13 chini ya Profesa Kwesi Botchwey, waziri wa fedha wa zamani. Walizunguka nchi nzima, 2017 wakakabidhi ripoti, wanachama hawakupewa waisome.

Lakini Kalamu Kavu, kuitoa hadharani nako si dawa. Republican wa Marekani waliposhindwa 2012 waliandika tathmini ya kurasa kama mia moja, wakaichapisha Machi 2013, kila mtu akaisoma. Ilisema wazi: badilisheni lugha kuhusu wahamiaji, ungeni mkono mageuzi ya sheria ya uhamiaji, la sivyo mtazidi kusinyaa. Akaja Trump akafanya kinyume chake, na 2016 akashinda. Sasa ripoti ilikuwa ya uongo? Au ilikuwa ya kweli na bado haikuwa na kazi? Mpaka leo sina jibu.

#11 Siti ya Nyuma
"Changamoto za kiuongozi." Nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta.

#12 Msomi wa Kijiweni
Mpambe umegusa penyewe. Wote mnaongelea watu na karatasi, mnakwepa itikadi. Chama kilichoshindwa kina njia mbili tu, kusogea katikati kufuata wapiga kura waliohama, au kurudi kwenye msingi wake na kuwachemsha wale waliobaki. Labour walisogea, 1995 wakaifuta ibara ya umiliki wa umma kwenye katiba yao. Chama cha BJP cha India kilifanya kinyume. 1984 ilipata viti 2 bungeni. Viwili! Kabla ya hapo ilijaribu sera laini za ujamaa wa Gandhi. Ilipoachana na ulaini huo, Advani akashika uongozi 1986, wakarudi kwenye uzalendo wa Kihindu waziwazi na 1989 wakapata viti 85. 2014 wakachukua wingi wa peke yao, 282. Kwa hiyo anayewaambia "katikati ndiko kwenye ushindi" mwulizeni, katikati ya nini?

#13 Bi Takwimu
Msomi, viti 2 vinadanganya. Mwaka ule BJP ilikuwa na zaidi ya asilimia 7 ya kura. Uchaguzi ulifanyika wiki chache baada ya Waziri Mkuu Indira Gandhi kuuawa, na chama chake cha Congress kikafagia kila kitu. 1989 walipata kama asilimia 11 tu. Kutoka 7 kwenda 11 hakukuzaa viti 83 vya nyongeza kwa itikadi. Waliachiana majimbo na Janata Dal, chama kingine cha upinzani, ili wasigawane kura za upinzani. Mfumo wa mwenye kura nyingi kuchukua jimbo ndio uliowaadhibu 1984 na ndio uliowabeba 1989.

Chama kisome ramani ya majimbo kabla ya kusoma nafsi yake.

#14 Msomi wa Kijiweni
Kuachiana majimbo kulikuwepo, sikatai. Lakini Janata Dal iko wapi leo? Wenye msingi ndio waliobaki.

#15 Mama Kadi
Habari zenu. Nimesoma yote. Nyie wanaume mnajadili India na Uingereza, mimi nawauliza: daftari la wanachama la chama chenu mnaliamini?

Nilikuwa nashika rejista ya kadi. Baada ya kushindwa tuliagizwa tumpigie kila mwanachama simu tumuulize kwa nini hatukushinda. Wazo zuri. Tukaanza. Namba hazipatikani. Namba moja imeandikwa kwa watu wanane. Mzee mmoja nilimpigia, mwanawe akapokea akasema baba alishazikwa kitambo, na kadi yake ilikuwa imelipiwa ada mwaka uleule. Aliyeilipia si marehemu. Ni mgombea aliyetaka wajumbe wake wawe wengi kwenye kura za maoni. Ananunua kadi kwa mafungu, anagawa, anapita, anakwenda kwenye uchaguzi wenyewe anadhani ana jeshi. Kumbe ana karatasi.

Kwa hiyo tulishindwa ndani kabla hatujashindwa nje. Mnaweza kuandika ripoti na profesa wa dunia, bila rejista safi hamjui hata chama ni cha nani.

#16 Mjumbe Mstaafu
Mama Kadi, Mungu akupe umri. Hii ndiyo sauti ya tawini.

#17 Siti ya Nyuma
Marehemu analipa ada kwa wakati kuliko mimi.

#18 Tumbiri
@Mama Kadi hapo kuna mtego. Ukifunga milango ili kadi zisinunuliwe, unabaki na wazee wa chama wakichaguana wenyewe. Liberal wa Kanada walishuka hadi viti 34 mwaka 2011, nafasi ya tatu, kwao ilikuwa aibu ya kihistoria. Walichofanya ni kufungua: uchaguzi wa kiongozi wa 2013 walimruhusu hata mfuasi asiye mwanachama kupiga kura, ilimradi asiwe wa chama kingine. Wakapata orodha kubwa ya watu na mawasiliano yao. 2015 wakashinda viti 184.

#19 Ngangari
Na walibadilisha kiongozi. Asante kwa kunisaidia.

#20 Mama Kadi
Tumbiri, sikusema tufunge. Nimesema tujue nani ni nani. Hao wa Kanada walijua namba ni ya mtu anayepumua.

#21 Kibla
Nimesubiri mtu aseme, hasemi. Mnajadili kana kwamba kila aliyetangazwa kushindwa ameshindwa kweli. Ukiibiwa kura unajijenga upya kwa kosa gani? Malawi 2019 Mutharika alitangazwa mshindi, Mahakama ya Katiba ikafuta Februari 2020 kwa sababu fomu zilipakwa wino mweupe wa kusahihishia. Juni uchaguzi ukarudiwa, Chakwera akapata zaidi ya asilimia 58. Angekaa kuandika tathmini ya "wapi tulikosea" angekuwa anaandika mpaka leo.

#22 Mpambe wa Zamani
Kibla, wizi upo na hakuna hapa wa kuubisha. Ila nimeona pia wizi ukitumika kama shuka la kufunika kila kitu. Kwenye kamati yetu, jimbo ambalo mgombea wetu hakufanya hata mkutano mmoja, nalo liliandikwa "tuliibiwa".

#23 Mjumbe Mstaafu
Kibla ndugu yangu, uliza pia Malawi walishindaje mahakamani. Ni fomu. Walikuwa na karatasi za kuonyesha. Turudi kwenye bandiko langu #3, sisi tungekwenda mahakamani na nini? Na huyo Chakwera aliingia uchaguzi wa marudio akiwa ameungana na Chilima wa chama cha UTM, ambaye 2019 walikuwa wanagawana kura. Kwa hiyo kati ya Februari na Juni walifanya kazi ya chama, hawakukaa kulalamika.

#24 Kibla
Sawa Mzee, lakini anayeshika fomu anaweza kukamatwa, kupigwa, kutolewa kituoni na askari. Usimlaumu wakala kwa njaa tu.

#25 Mjumbe Mstaafu
Wa kwangu ilikuwa njaa. Ya wengine siyasemei.

#26 Jahazi Bovu
Mtaniona mvivu. Kazi ya chama kilichoshindwa ni moja, kubaki hai mpaka aliyeko madarakani aharibu. Na ataharibu. Indira Gandhi 1977 alishindwa mpaka jimboni kwake, watu wakasema kwisha. Waliomshinda wakagombana wenyewe kwa wenyewe, Januari 1980 karudi. Japani chama cha LDP walianguka 2009 wakabaki na viti 119, miaka mitatu tu baadaye 294. Labour 2024 walipata viti 411 kwa asilimia 33.7 ya kura, na idadi ya kura zao ilikuwa ndogo kuliko za 2019 walipopigwa vibaya. Wapiga kura hawakuwafuata, waliwakimbia Conservative, kura za upande wa pili zikagawanyika.

Mnaumiza vichwa na tathmini, mwenzenu anaanguka mwenyewe.

#27 Kalamu Kavu
Jahazi, hiyo inafaa kwa chama ambacho watu wanakiona ndiyo mlango wa pili. Je, kama mlango wa pili ni mwingine? Conservative wa Kanada wa zamani, Progressive Conservative, walikuwa serikalini hadi 1993. Wakatoka na viti 2. Waliokuwa madarakani baada yao walichokwa kweli, lakini wao hawakufaidi, kwa sababu chama cha Reform kilishakaa nafasi yao. Iliwabidi waungane na hao waliowanyang'anya watu, 2003, ndipo chama kipya kikashika serikali 2006. Kungoja tu kungewazika.

#28 Ngangari
UNIP ya Kaunda kule Zambia ilingoja pia. 1991 mpaka leo.

#29 Tumbiri
PASOK ya Ugiriki: karibu asilimia 44 mwaka 2009, mwanzoni mwa 2015 haifiki 5. KANU ya Kenya ndiyo tamu zaidi. 2002 mgombea wake alikuwa Uhuru Kenyatta, akashindwa, chama kilichotawala tangu uhuru kikatoka. 2013 Uhuru akashinda urais, kwa chama kingine! Mtu alijijenga upya, chama kikaachwa kituoni.

#30 Siti ya Nyuma
Timu ikishuka daraja, mfungaji anauzwa, kocha anafukuzwa, mwenye uwanja anadai kodi, na shabiki ndiye anayeambiwa awe na subira. Endeleeni.

#31 Mpambe wa Zamani
Siti umetania ila kodi ndiyo kitu ambacho hamjakigusa. Nchi nyingi ruzuku ya vyama huhesabiwa kwa kura au viti. Ukishindwa, ruzuku inashuka mwezi uleule unaohitaji kufanya tathmini. Wanaoondolewa kwanza ni akina Mama Kadi: watunza rejista, waratibu wa mikoa. Gari la mwenyekiti hubaki. Kisha michango inayobaki ni ya matajiri wachache, na hao ndio wanaochagua "mwelekeo mpya" wa chama.

Chama cha FDP cha Ujerumani 2013 kilipata asilimia 4.8, kizingiti ni 5, kikatoka bungeni kwa mara ya kwanza tangu 1949. Sehemu mbili za kumi za asilimia moja zikawapotezea wabunge wote na wasaidizi wao wote kwa usiku mmoja. Lindner akashika chama, 2017 wakarudi na asilimia 10.7. Watu wakaandika kwamba huu ndio mfano wa kujijenga. 2025 wametoka tena.

#32 Msomi wa Kijiweni
Kwa sababu waliingia serikalini wakasahau walichowaahidi watu wao. Itikadi, nasema tena.

#33 Bi Takwimu
Au kwa sababu chama cha asilimia tano hadi kumi siku zote kiko ukingoni, hata kingekuwa na itikadi ya chuma.

#34 Mama Kadi
Jambo la mwisho kwangu, maana nina wageni nyumbani. Waliohama siku chama kilipoanguka, wakitaka kurudi mnawapokea? Kwetu walianza kurudi mara tu upepo ulipogeuka, na wanarudi na kadi zao mpya wakitaka nafasi za zamani. Wale waliobaki wakifagia ofisi isiyo na umeme wanaambiwa wawe wapole, "tunajenga".

#35 Ngangari
Msiwapokee. Mamluki.

#36 Jahazi Bovu
Siasa ni kujumlisha. Ukiwakataa, kura zao utazipata wapi?

#37 Mjumbe Mstaafu
Wapokelewe kama wanachama wa kawaida. Uchaguzi mmoja wasigombee kitu, wapigwe kazi ya mashina, wakasimamie vituo. Atakayevumilia huyo ni wetu.

#38 Tumbiri
Mzee, aliyehama mara moja kwa sababu ya cheo, ukimwambia asubiri uchaguzi mzima anahamia chama cha tatu kesho asubuhi. Na anaondoka na wajumbe.

#39 Mjumbe Mstaafu
Aende. Akiondoka na kadi zile za marehemu anazozisema Mama Kadi, ametusaidia kusafisha daftari.

#40 Kibla
Mzee, na aliyehama kwa kutishwa? Aliyefungiwa biashara yake mpaka arudishe kadi? Naye akae benchi uchaguzi mzima?

#41 Mama Kadi
Kibla, huyo namjua kwa jina, na sikuwahi kumfuta. Nilimwandikia penseli.